Shajara ya laini ya Watay: umeme wa gridi unavyopanda kaskazini mwa Ontario

Desemba 2018

Pikangikum imeunganishwa. Siku chache kabla ya Krismasi, laini ya kilomita 117 kutoka Red Lake, mji wa machimbo ya dhahabu, imeingizwa umeme, na jenereta za dizeli zilizokuwa zikinguruma kijijini usiku na mchana zimepumzika. Laini imejengwa kwa kiwango cha kilovolti 115, ila kwa sasa inaendeshwa kwa msongo wa 44. Wenye fani wataelewa: huna haja ya kufunga transfoma kubwa leo kwa mzigo utakaokuja miaka kadhaa baadaye, lakini nguzo na vikombe vya kuhami waya ukifunga vidogo, siku hiyo ikifika utavirudia vyote.

Naanza kuandika hapa kwa sababu Pikangikum ni kipande tu kilichotangulizwa. Serikali ya shirikisho ya Kanada ilitoa takribani dola milioni 60 ili kijiji hiki kisisubiri wenzake. Mradi wenyewe, Wataynikaneyap, ambao kila mtu anaufupisha kuwa Watay, unalenga kuvuta kilomita 1,800 hivi za laini na kuunganisha jamii 17 za wenyeji asilia ambazo hazina barabara ya kudumu. Mimi ni fundi wa vituo vya kupozea umeme, nipo Winnipeg, na mwajiri wangu hahusiki nao kwa lolote. Nafuatilia kwa mapenzi, na naandika Kiswahili kwa kuwa mafundi wenzangu wa zamani nyumbani hunidai habari.

Jambo la kuweka sawa mapema. Kwetu ukisikia kijiji kimepata umeme, unajua jana yake walikuwa na koroboi. Huku sivyo. Nyumba za Pikangikum zilikuwa na taa, friji na televisheni miaka mingi. Kilichokosekana ni nafasi. Kituo cha jenereta cha kijiji cha namna hii huwa na mashine tatu hivi za ukubwa tofauti, zinazopokezana kufuata mzigo. Mzigo ukikaribia uwezo wa mashine, linatoka tangazo: hakuna muunganisho mpya. Nyumba imeezekwa, nyaya zimepita ukutani, boksi la mita limefungwa pembeni mwa mlango, na hakuna kinachokuja. Familia inabaki imebanana kwa wakwe kwenye nyumba ya zamani. Shule, zahanati, mtambo wa maji, kila kimoja kikitaka kupanuliwa kinakutana na jibu lilelile. Kuongeza jenereta ni bajeti ya Ottawa, na bajeti ya Ottawa huja kwa mwendo wa Ottawa.

Kwa hiyo nitakapoandika kwamba kijiji fulani kimewashwa, msomaji aelewe kwamba kufuli limefunguliwa.

Aprili 2019

Bodi ya Nishati ya Ontario imetoa kibali cha kujenga. Nimeipitia ramani mpaka macho yakauma, na naiweka hapa kwa maneno.

Kuna sehemu tatu. Ya kwanza ni laini ya kilovolti 230, kilomita 300 hivi, kutoka Dinorwic, karibu na Dryden, hadi Pickle Lake. Pickle Lake ndiko barabara kuu namba 599 inakoishia. Mji huo una umeme wa gridi tayari, lakini unaletwa na laini kongwe kutoka Ear Falls isiyo na nguvu ya kubeba mtu mwingine. Ukitaka kwenda kaskazini zaidi, lazima kwanza uiimarishe Pickle Lake.

Sehemu ya pili inapanda kutoka Pickle Lake: North Caribou Lake, halafu inachanua. Tawi moja linaelekea Muskrat Dam, Bearskin Lake na Sachigo Lake. Jingine linakwenda Kingfisher Lake, Wunnumin Lake, Wawakapewin, Kasabonika Lake, Wapekeka na Kitchenuhmaykoosib Inninuwug, ambayo wote huita KI. Sehemu ya tatu inaanzia Red Lake na kuitumia njia ya Pikangikum kufika Poplar Hill, Deer Lake, Sandy Lake, North Spirit Lake na Keewaywin.

Sasa kitu kilichonifanya nianze kufuatilia: umiliki. Asilimia 51 ya kampuni ni ya jamii 24 za Mataifa ya Kwanza, yaani wenyeji asilia, kwa mafungu sawa. Kampuni ya umeme ya Fortis na wawekezaji wenzake wana 49 zilizobaki. Hesabu ndogo inaonyesha kila jamii ina asilimia mbili na kidogo. Wawakapewin, kijiji cha watu wachache mno, ina fungu sawa na Sandy Lake yenye watu maelfu. Na ndani ya hao 24 wamo ambao gridi tayari wanayo, kama Lac Seul na Cat Lake. Hawa hawapati umeme mpya. Wameingia kwa sababu laini inapita kwenye ardhi za jadi za eneo lao, na wamekataa kuwa watu wa kupitiwa tu.

Mpango ni kwamba baada ya muda jamii hizi ziweze kuimiliki kampuni yote.

Kuna historia nyuma ya hili ambayo taarifa za wawekezaji huiruka. Mwaka 2008, viongozi sita wa KI walihukumiwa kifungo cha miezi sita kwa kudharau amri ya mahakama, kosa lao likiwa kuizuia kampuni iliyotaka kutafuta madini ya platinamu kwenye ardhi yao. Mahakama ya rufaa iliwatoa baada ya kama miezi miwili. Ni mwaka huohuo ambapo jamii za ukanda huu zilianza kukaa pamoja kupanga laini ya umeme. Mimi nayasoma mambo haya mawili kwa pamoja. Watu walewale waliokubali kulala gerezani kuliko kuruhusu kijiti kuchomekwa ardhini na mgeni, leo wanaruhusu njia ya upana wa mita 40 hivi ifyekwe kupita msituni mwao kwa mamia ya kilomita. Hawajalainika. Safari hii wao ndio wanaoketi kwenye kiti cha kuamua njia ipite wapi, ikwepe makaburi yapi na maeneo yapi ya kutegea mitego.

Mtendaji mkuu ni Margaret Kenequanash, mwanamke wa North Caribou Lake, ambaye kabla ya hapo aliongoza baraza la jamii za Shibogama. Mara ngapi umeona mradi wa nishati wa ukubwa huu ukiongozwa na mtu ambaye ndugu zake wako mwisho wa laini?

Oktoba 2019

Fedha zimesainiwa. Nitaeleza kwa ufupi maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa.

Gharama inakadiriwa kuwa karibu dola bilioni 1.9 za Kanada. Jimbo la Ontario linakopesha hadi bilioni 1.34, benki tano za Kanada zinaweka milioni 680 hivi, na wenye hisa wanaweka mtaji wao. Serikali ya shirikisho iliahidi bilioni 1.6 mwezi Machi 2018. Hizo bilioni 1.6 hazinunui nguzo moja kwa moja. Zinakuja laini zikishawashwa, kupunguza mzigo ambao ungeangukia wateja wa umeme wa Ontario.

Maana mteja wa kijijini halipi gharama halisi, na hakuna anayejidai kwamba atailipa. Ontario ina mfuko wa kuwafidia wateja wa vijijini na wa mbali, na kila mwenye mita jimboni anachangia senti zake humo. Toronto inachangia Sandy Lake. Ndivyo ilivyokuwa hata enzi ya dizeli, na hapo ndipo hoja ya mradi iliposimama: fedha za umma zilikuwa zinateketea vilevile, kwenye tangi la mafuta. Jamii hizi kwa pamoja zilikuwa zinachoma zaidi ya lita milioni 25 za dizeli kwa mwaka, mafuta yanayopandishwa kwa lori juu ya barabara ya barafu, na barafu ikiyeyuka mapema, kwa ndege. Dizeli ikisafirishwa kwa ndege, hasira ya mhasibu unaweza kuiwazia mwenyewe.

Machi 2020

Mkandarasi, Valard, ameingia msituni majira haya ya baridi kufyeka, na sasa Korona imeingia pia. Jamii nyingi za kaskazini zimefunga milango kwa wageni, na zina haki: kijiji chenye zahanati moja na nyumba za vyumba viwili wanamolala watu kumi hakichezi na ugonjwa wa kuambukiza. Mradi wenye mamia ya mafundi wanaoruka kuingia na kutoka unatakiwa upangwe upya, kambi kwa kambi.

Lakini niseme kuhusu baridi, kwa faida ya mafundi wa nyumbani, kwa kuwa huku mambo yamegeuka. Kwetu mvua ikianza unasimamisha kazi na kungoja kiangazi. Hapa kiangazi ndicho adui. Ardhi ya kaskazini mwa Ontario ni maziwa, miamba, na katikati yake kinamasi cha mimea iliyooza na mboji ambacho mtu akikikanyaga Julai anazama mpaka magotini. Gari la kuchimba mashimo ya nguzo linazama mpaka kwenye kibanda cha dereva. Ikifika Januari kinamasi hicho kimekuwa sakafu. Kwa hiyo majira ya kazi nzito ni yale ambayo kipimajoto kinasoma nyuzi 40 chini ya sifuri.

Barabara yenyewe inatengenezwa kwa maji. Wanatoboa barafu ya ziwa, wanapima unene, wanapampu maji kutoka chini kuyamwaga juu, yanaganda, wanapima tena, wanapampu tena, mpaka ibebe lori lenye nguzo. Theluji nayo inashindiliwa au kukwanguliwa, kwa sababu ikiachwa laini ni blanketi, inaizuia baridi isishuke. Dereva anafungua mkanda na kuacha mlango wazi anapovuka. Hiyo ya mlango nimeambiwa na zaidi ya mmoja na sikuona mtu anayecheka.

Kuvuta nyaya nako kuna hesabu yake. Waya unasinyaa kwenye baridi. Ukiukaza siku ya baridi kali kama unavyoukaza siku ya kawaida, kiangazi utalegea na kuning'inia karibu na vichaka; ukiukaza kupita kiasi kwa kuogopa hilo, utakuwa umekosea upande mwingine. Kuna jedwali la mlegeo kwa kila nyuzi ya joto, na fundi analishika mkononi akiwa amevaa glavu tatu.

Julai 2021

Moto. Eneo lote la kaskazini-magharibi linaungua. Watu wa Deer Lake, Poplar Hill, North Spirit Lake na sehemu ya Pikangikum wamehamishwa kwa ndege, wengine wamefika mpaka Thunder Bay. Hapa Winnipeg jua limekuwa sarafu nyekundu siku kadhaa.

Kuhusu mradi: moto ukipamba namna hii mashine za msituni husimamishwa, kwani cheche moja ya msumeno inatosha. Kwa hiyo baridi ndiyo ya kufanyia kazi, na kiangazi ambacho ungekitumia kwa vile vipande vya mwambani kinakuwa cha moshi.

Nimesikia mtu akiuliza redioni ni busara gani kujenga laini ndefu ndani ya msitu unaoungua. Swali ni halali. Jibu langu ni kwamba tangi la dizeli katikati ya kijiji halipendi moto zaidi ya nguzo inavyoupenda. Hata hivyo hoja ya msingi inabaki, nitairudia chini.

Agosti 2022

Laini ya Pickle Lake imewashwa. Kilovolti 230 zimefika mwisho wa lami.

Leo naandika kwa raha zangu, wasiopenda mambo ya ufundi waruke.

Wengi wanadhani shida ya laini ndefu ni kwamba msongo unashuka kadiri unavyokwenda mbali. Ni kweli laini ikiwa imebeba mzigo. Lakini laini ndefu ambayo haijabebeshwa kitu inafanya kinyume: msongo unapanda. Waya na ardhi chini yake ni kama kapasita kubwa mno, inajichaji, na mwisho wa laini unapima kilovolti nyingi kuliko ulizotia mwanzoni. Sasa fikiria Watay. Kilomita mia tatu za 230, kisha mamia mengine ya 115, na huko mwisho kuna nyumba mia chache. Mzigo mzima wa kaskazini ni mdogo ukilinganisha na urefu wa waya. Usiku wa kiangazi, joto halihitajiki, watu wamelala, msongo unataka kupaa.

Dawa ni reakta, yaani koili kubwa ndani ya mafuta zinazofungwa kwenye kituo kuinywa ile ziada. Zinaingizwa na kutolewa kwa hatua, kwa mpangilio, kwa sababu ukiitoa yote kwa mkupuo mmoja mteja wa mwisho ataona taa zikiruka. Uwashaji wa laini ya namna hii, kwa hiyo, ni kazi ya ngazi kwa ngazi: unaweka msongo kipande kimoja, unakaa, unasoma vipimo, unajaribu rilei, yaani vifaa vya kuilinda laini, ndipo unafungua kipande kinachofuata. Vituo vya kupozea umeme katika mradi mzima ni 22. Anayeuliza kwa nini vijiji vyote havikuwashwa siku moja, jibu ni hilo.

Novemba 2022

North Caribou Lake wamekuwa wa kwanza kwa upande wa Pickle Lake, na sasa Kingfisher Lake.

Kuna kazi nyingine iliyokuwa ikiendelea chini kwa chini ambayo haipigwi picha. Vijiji kadhaa, kama Pikangikum, Poplar Hill, Muskrat Dam na Keewaywin, vilikuwa vinaendesha umeme wao wenyewe: jenereta ya kijiji, nguzo za kijiji, bili ya kijiji. Ili kuingia gridini, mtandao wa ndani ulitakiwa ufikie viwango vya jimbo, halafu usimamiwe na tawi la Hydro One, kampuni kubwa ya umeme ya Ontario, linalohudumia maeneo ya mbali. Nguzo zilizooza zibadilishwe, mita ziwekwe, nyaya za ndani ya nyumba zikaguliwe. Kampuni ya Watay yenyewe inaishia kwenye kituo cha kupozea. Kutoka pale hadi kwenye jiko la mtu ni mwingine.

Hapa kuna utata ambao sioni ukijadiliwa vya kutosha. Kijiji kinapata hisa kwenye laini kubwa, na wakati huohuo kinakabidhi ile mamlaka yake ndogo ya umeme. Kuna waliopumua, kwa sababu kuendesha jenereta mbovu na kufukuzana na madeni ya majirani ni kazi ya kuvunja undugu. Lakini yule kijana wa kijiji aliyekuwa akiamka saa nane usiku kuchemsha mashine, naye alikuwa na ajira na heshima. Mradi uliendesha mafunzo kupitia kampuni dada inayomilikiwa na jamii hizo, Opiikapawiin, na vijana wamesomea kazi za laini, za misumeno, za kambi. Nangoja kuona wangapi watabaki na ajira ujenzi ukiisha, kwani matengenezo hayahitaji watu wengi kama ujenzi.

Juni 2023

Laini inaendelea kuchanua, mashariki na magharibi mwa North Caribou Lake. Sina la kuongeza kwa upande wa maendeleo ya kazi.

Mjomba wangu, mstaafu wa umeme, amenipigia kutoka Morogoro. Nilikuwa nimemtumia ramani.

"Sasa wewe," akasema, "umeme wa watu mia tatu unavutiwa waya kilomita mia moja? Sisi tungewapa sola wakae."

"Shikamoo kwanza, mjomba."

"Marahaba. Nijibu."

Nikamjibu kwamba wengine wamepewa. Gull Bay, jamii iliyo kando ya ziwa Nipigon, ina mtambo wake wa sola na betri tangu 2019, na unapunguza dizeli vizuri. Ila Desemba kule juu jua linachungulia kwa muda wa saa saba au nane tu kwa siku, likiwa chini kabisa, na ndio mwezi ambao nyumba inataka joto kuliko mwezi mwingine wowote. Betri ya kubeba kijiji usiku wa saa kumi na sita kwenye baridi ile, kwa wiki nzima ya mawingu, ni fedha nyingine. Sola inapunguza mafuta. Haiongezi nafasi pale nafasi inapohitajika.

Akanyamaza kidogo. "Na watu wote hao ni wangapi?"

Nikamwambia hawafiki elfu ishirini.

"Bilioni mbili kwa watu elfu ishirini," akasema, na nikajua anagawanya. Halafu akasema kitu kilichonibakia: "Basi si bei ya umeme hiyo. Hiyo ni deni."

Sikumuuliza deni la nini. Mikataba namba 5 na namba 9 kati ya serikali na wenyeji asilia, ambayo ardhi hii ilitiwa chini yake kuanzia 1875 na 1905, mjomba hajawahi kuisoma, lakini amefanya kazi miaka mingi akivusha laini za msongo mkubwa juu ya vijiji visivyo na taa, na hilo analijua.

Februari 2024

Baridi imekataa kuja. Barabara za barafu zimechelewa, nyingine zinabeba mizigo nusu tu, na machifu wa Nishnawbe Aski Nation, muungano wa jamii 49 za kaskazini, wametangaza hali ya dharura. Mafuta, mbao za ujenzi, vyakula, vyote hupita juu ya barabara hizo kwa wiki chache za mwaka.

Kwa vijiji vilivyokwisha kuunganishwa, tofauti inaonekana mwezi huuhuu: dizeli ya kuwasha taa haimo tena kwenye orodha ya vitu vya kuhangaikia. Vifaa vya nyumba mpya bado vinasubiri barafu. Umeme upo, na misumari haijafika.

Kwa mkandarasi nako ni shida, kwa kuwa barafu ndiyo barabara yake pia. Vipande vilivyobaki ni vya upande wa Red Lake.

Desemba 2024

Ujenzi umekamilika. Sandy Lake, Deer Lake, Poplar Hill, North Spirit Lake, Keewaywin, wote wamo. Pikangikum, iliyotangulia kwa miaka sita, sasa ni kituo cha katikati na si mwisho wa njia.

Nafunga kwa mambo yanayobaki mezani, maana shajara ya mradi isiyosema yaliyobaki ni tangazo la biashara.

Laini hii ni ya mkono mmoja. Haina mzunguko. Mti ukiangukia kipande cha kati ya Dinorwic na Pickle Lake, kila aliye juu yake upande huo anaingia gizani pamoja. Hii ndiyo hoja ya moto niliyoiahirisha. Ndiyo sababu jenereta za vijijini hazikung'olewa. Zimewekwa kwa dharura. Lakini jenereta isiyofanya kazi kila siku inahitaji mtu wa kuiwasha kila mara, kubadili mafuta, kuangalia betri, na mtu huyo anahitaji mshahara. Nani analipa, na kwa miaka mingapi, ni jambo nitakalolitazama kuliko sherehe.

Nyumba sasa zina nafasi, na nafasi itajazwa. Wengi watahamia kwenye joto la umeme, hasa wazee waliochoka kupasua kuni. Ni haki yao. Lakini nyumba nyingi za kaskazini zimejengwa vibaya, joto linavuja, na bili ya Januari inaweza kumshtua mtu hata yenye ruzuku. Bila fedha za kuziba nyumba hizo, laini itabeba joto kwenda kupasha msitu.

Wapo walioachwa nje. Fort Severn na Peawanuck, karibu na Hudson Bay, bado ni dizeli. Webequie, Nibinamik, Neskantaga, Eabametoong na Marten Falls pia. Neskantaga imekuwa ikichemsha maji ya bomba tangu 1995. Hizi ziko upande wa ukanda wa madini unaoitwa Ring of Fire, na serikali inazungumzia barabara na migodi huko kwa sauti kubwa kuliko inavyozungumzia mita ya bibi. Ikiwa laini itakwenda kule, swali la kwanza ni lile la 2008: nani ataamua inapita wapi, na ni ya nani. Mfano wa zamani kuliko Watay upo jimbo hilohilo. Five Nations Energy, kampuni ya wenyeji inayozihudumia jamii za Attawapiskat, Fort Albany na Kashechewan, ilivuta laini yake kutoka Moosonee kando ya James Bay mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mgodi wa almasi wa Victor ulipofunguliwa 2008 karibu na Attawapiskat, umeme wake ulipita kwenye laini ya wenyeji. Mgodi umefungwa tangu 2019. Laini ipo, inafanya kazi, na wenyewe wapo.

Watay huwasilisha ripoti za maendeleo kwa bodi ya nishati kila nusu mwaka. Inayofuata nitaanza kusoma kutoka nyuma, kwenye kukatika kwa umeme: mara ngapi, saa ngapi, na nani aliwasha jenereta.